Viboko Hawahesabiwi kwa Kidole

Wazo la kazi yake Michée alilipata kwenye simu, siku ya mvua, akiwa amelala chali nyumbani kwa mama yake mtaani Mulongwe. Ilikuwa video ya watu wa bahari ya mbali, wamejaa kwenye boti, wamevaa jile za kuelea majini, za rangi ya machungwa, wanangoja nyangumi. Wakangoja, wakangoja, mwishowe ukatokea mkia. Mkia tu, ukapiga maji mara moja na kuzama, na watu wazima wakakumbatiana kwa machozi. Michée aliirudia video hiyo mara tatu. Kisha akawafikiria viboko wa Uvira, ambao hutoka ziwani wazimawazima, kichwa mpaka makalio, wakala majani mbele ya baa huku walevi wakiwapisha njia.

"Kama mukia moja inaliza bantu," alimwambia mama yake, Félicité, "siye tuko na munyama muzima."

Huu ulikuwa mwaka wa tatu sasa. Mtumbwi wa marehemu baba yake, uliozoea kubeba nyavu za kuvulia ndagala, aliupaka rangi ya buluu, akaufunga viti vya mbao na moteri iliyokwisha kutumika, na kila wiki alipeleka watu kuona viboko, mamba na ndege kwenye matete ya kaskazini, karibu na pale mto Ruzizi unapoingia ziwani. Alipeleka walimu na wanafunzi wao. Alipeleka maarusi wa Jumamosi na magauni yao. Hakuwahi kumwogopa abiria hata mmoja. Lakini abiria wa asubuhi hiyo alimwogopa, kwa sababu alikuwa shangazi wa Eliane, msichana aliyetaka kumwoa.

Eliane alikuwa muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya pale mjini, na kwa miaka miwili yeye na Michée walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya kila jambo, hata majina ya watoto. Kilichobaki ni neno la nyumbani kwao Eliane, milimani Bijombo. Eliane alifiwa na baba yake angali mdogo, akalelewa na dada wa baba huyo, Mama Célestine, katikati ya ng'ombe. Wajomba na baba wadogo walishakubali wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimalizia kwa maneno yale yale: muulizeni Célestine. Célestine alipoulizwa, akajibu kwamba yeye hatoi mtoto kwa habari za kusikia. Atashuka, ataingia kwenye huo mtumbwi yeye mwenyewe, aone kwa macho yake huyo mwanamume anawapeleka watu wapi na anawarudisha namna gani. Akishaona, atasema ndiyo au atasema hapana. Na hapana yake, Eliane alieleza, haina pa kukatia rufaa.

"Usimuwekee samaki mbele, yeye hakulake," Eliane alimwonya Michée kwenye simu usiku uliotangulia. "Usiharakishe salamu. Na weye unaongeaka sana. Punguza."

"Minye?" akauliza Michée, na akaongea dakika ishirini kueleza kwamba yeye si mtu wa maneno mengi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa ufukweni. Mama Célestine alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga kitenge cha kijani na ameshika fimbo ya mchungaji ambayo hakukubali kuiacha nchi kavu. Nyuma yake alisimama mdogo wake, Dieudonné, mwanamume mnene mwenye koti la suti, aliyetumwa na ukoo amsindikize dada yake na ambaye tayari alikuwa akilitazama ziwa kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Salamu zilichukua muda wake. Waliulizana habari za watu, za ng'ombe, za mvua, za barabara, na za watu tena. Michée alijikaza asiharakishe, ingawa jua lilikuwa linapanda na upepo haungoji mtu.

Jile zilipogawanywa, Mama Célestine aliigeuzageuza yake, akainusa, kisha akaivaa juu ya kitenge na kuufunga mkanda barabara. Dieudonné alivaa mbili.

Wakaondoka. Nyuma yao nyumba za Mulongwe zilikuwa zinaamka kwa moshi wa makaa, na juu yake milima ilisimama wima, ile ile ambayo wageni wake walikuwa wameishuka siku mbili kwa miguu na kwa pikipiki. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Eliane alikwenda moja kwa moja kukaa mbele, akachukua upondo mrefu wa kusukumia mtumbwi na kuulaza mapajani, kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Shangazi yake aliuona huo wepesi. Michée, aliyekaa nyuma kwenye moteri, aliona shingo yake ikigeuka na kurudi, akajua kwamba hesabu ya kwanza ya siku imekwisha kuandikwa mahali fulani.

Nusu saa ya kwanza haikuwa na raha. Michée aliwaonyesha mdiria aliyesimama hewani akipiga mabawa, kisha akajitupa majini na kutoka na samaki mdomoni. Mama Célestine alitikisa kichwa. Aliwaonyesha wari wanane wakiogelea kwa mstari na mifuko yao chini ya mdomo. Akatikisa kichwa. Aliwaonyesha mamba juu ya mchanga, kinywa wazi, na hapo ni Dieudonné aliyejibu, kwa Zaburi. Michée alikumbuka kwamba anapaswa kupunguza maneno, akapunguza, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Aliyewaokoa alikuwa fisi-maji. Aliibuka karibu na mtumbwi, kichwa cha mviringo chenye masharubu, akalala chali juu ya maji na kuanza kumla kaa aliyemshika kwa mikono miwili, akimtafuna kwa kelele, huku akiwatazama watu wale kana kwamba wao ndio waliokuja kumkatiza chakula. Mama Célestine aliinama kumwangalia. "Huyu anakula sawa na Dieudonné," akasema. Eliane akaangua kicheko, Michée akasubiri mpaka shangazi mwenyewe acheke, na alipocheka naye akacheka, na hewa ya mtumbwini ikawa nyepesi.

Walipita mkondo mwembamba kati ya matete, upana wa mitumbwi miwili, wakaingia kwenye bwawa lililofichwa nyuma yake. Hapo ndipo viboko walipokuwa. Michée alipunguza moteri, akasogea kando, mbali nao, mahali baba yake alipokuwa akisimama, na kuuacha mtumbwi utulie.

Walikuwa upande wa pili wa bwawa, migongo nje ya maji, wengine wakipiga miayo, wengine wakikoroma. Juu ya mgongo wa mmoja walikuwa wamesimama yangeyange watatu, weupe, wametulia.

Mama Célestine akasimama. Alisimama ndani ya mtumbwi, jambo ambalo Michée hukataza kila abiria, na Michée hakuthubutu kumkataza.

"Hizi ndege ni zetu," akasema. "Ni zile zinatembeaka na ng'ombe."

"Ndiyo, mama. Hapa zinafuata hawa."

"Basi hawa ni ng'ombe."

Akaketi taratibu, akaweka fimbo magotini, na kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Alitaka kujua wanakula wapi na wanatoka saa ngapi. Alitaka kujua dume ni yupi, na kabla Michée hajamwonyesha akamtambua mwenyewe. Yule mwenye kidevu chekundu ni mkorofi, akasema, muangalie wengine wanavyompisha. Yule wa pembeni ana mimba, haitamaliza mwezi. Yule mwenye sikio lililochanika, mwenye mtoto, hapendi kukaa na wenzake, na kama angekuwa wa kwake angemfunga kengele. Michée alikuwa amewaona wanyama hao kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumwambia nusu ya hayo. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Alifurahi mpaka akasahau kuogopa, na hapo ndipo alipoharibu.

Marehemu baba yake alimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Kabla ya kuondoka mbele ya viboko, hesabu vichwa. Ukijua wako tisa na unaona wanane, wa tisa yuko chini yako. Michée hakuwahi kulisahau hilo, na kwa abiria alikuwa ameligeuza kuwa mchezo. Alinyoosha kidole, akahesabu kwa sauti, na abiria wote wakaitikia pamoja naye. Watu walilipenda sana. Basi akasimama, akanyoosha kidole kuelekea lile kundi, na kwa sauti yake ya maonyesho akaanza: "Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano..."

Fimbo ilimgonga kwenye kiwiko. Haikuwa kwa nguvu, lakini ilimgonga.

"Weye uko nafanya nini?" akauliza Mama Célestine.

"Niko nahesabu, mama."

"Nani alikutuma?"

Michée alimtazama Eliane, akaona mchumba wake ameziba uso kwa viganja. Mama Célestine alijigeuza kwenye kiti, akawapa wote mgongo, akatazama matete.

Dieudonné ndiye aliyeeleza, kwa kunong'ona, akiwa bado ameng'ang'ania kingo za mtumbwi. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Anayewahesabu anawaitia kifo, au wizi, au yote mawili. Marehemu baba yao alikuwa na kundi lililojaza bonde, na hakuna siku aliyotaja idadi. Na aliwahi kuja kijana mmoja kumchumbia Célestine mwenyewe, zamani, kijana wa familia nzuri. Alipofika zizini akanyoosha kidole na kuanza moja, mbili. "Alirudi kwao ile ile jioni," akasema Dieudonné. "Hata chakula hakupewa."

Michée aliketi. Miaka miwili ya mapenzi, na alikuwa ameipoteza kwa kidole kimoja. Eliane alikuwa amemwonya juu ya samaki na salamu na maneno, lakini juu ya kuhesabu hakumwonya, kwa sababu haikumjia akilini kwamba wanyama wasio na mwenyewe wanaweza kuhesabiwa vibaya.

Na bado kulikuwa na kutoka. Njia ilikuwa moja, ule mkondo mwembamba kati ya matete, na viboko hawakuwa wamehesabiwa. Juzi walikuwa tisa. Alijaribu kwa macho tu, mikono chini, lakini mmoja alizama, wawili wakaibuka, akafika saba, akafika kumi, akapotea. Tena alijiona kama mwizi, akifanya nyuma ya mgongo wa mama huyo jambo alilokatazwa mbele ya uso wake. Hakutaka kuingia kwenye ukoo wa watu kwa mlango huo.

Akazima moteri.

"Mama," akasema, "nisamehe. Minye sikujua. Lakini sitakuficha kitu. Baba yangu alinifundisha nisipite bila kujua kama wote wanaonekana. Ule haonekani, njo anapinduaka mutumbwi. Nikihesabu, nitakukosea. Nisipohesabu, nitakuweka kwenye hatari, weye na huyu mutoto wako. Basi siwezi kuondoka. Tutaikala hapa."

"Mupaka lini?" akauliza Dieudonné kwa hofu.

"Sijui, baba."

Mama Célestine hakugeuka. Furukombe mmoja alilia juu ya mti mkavu, akanyamaza. Michée akauliza swali ambalo kwa kweli alitaka kujua jibu lake, si la kujipendekeza.

"Mama, nyinyi hamuhesabuake. Jioni ng'ombe zikirudi nyumbani, munajuaka aje kama zimefika zote?"

Kisha mgongo ule ukageuka polepole.

"Tunaziangalia," akasema. "Muntu anaangaliaka watoto wake mezani, anahesabu? Anaona tu huyu hayuko."

Akainua uso, akalipitisha jicho lake juu ya bwawa, kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka, midomo imefungwa. Michée alimtazama akitazama. Alipofika mwisho alirudi tena mwanzo, na safari hii macho yake yakasimama mahali pasipokuwa na kitu.

"Wa sikio hayuko," akasema. "Na mutoto wake hayuko."

"Mama uliwaona wapi mwisho?"

"Walitoka kwa wenzake tulipokuwa tunaongea. Walienda kule." Na kwa kidevu chake, si kwa kidole, akaonyesha mdomo wa ule mkondo, hatua thelathini mbele yao, pale pale ambapo Michée angepita.

Maji ya pale yalikuwa laini, hayana hata povu. Eliane alishusha upondo bila kuambiwa, akaubana kwenye matope na kuuzuia mtumbwi usisogee. Mikono yake ilikuwa imara. Michée alishika kamba ya moteri bila kuivuta. Dieudonné alianza Zaburi nyingine, ndefu zaidi. Dakika moja ikapita, na ya pili, na ya tatu, na Michée akaanza kufikiri kwamba huenda mama huyo amekosea.

Kisha maji yakafunguka. Kwanza lilitoka sikio lililochanika, kisha pua mbili zikipuliza mvuke, kisha mgongo mpana ukiteremsha maji pande zote mbili, katikati kabisa ya mkondo, hapakubaki nafasi hata ya kupitisha kapu. Na juu ya mgongo huo, ameng'ang'ania, akiteleza na kupanda tena, alikuwa mtoto wake, wa rangi ya waridi tumboni, mdogo mpaka anachekesha. Akapiga chafya. Akateleza, akaanguka majini, akaibuka, akapanda upya.

Michée alikuwa amepeleka mamia ya watu mahali pale, na hakuwahi kumwona mtoto wa kiboko karibu hivyo, wala hakuwahi kusikia furaha ikimpanda kifuani namna ile, imechanganyika na hofu. Aligundua kwamba macho yake yamelowa. Akawakumbuka wale watu wa nyangumi, ambao aliwacheka kwa kulia kwa ajili ya mkia, na kimoyomoyo akawaomba msamaha.

Na Mama Célestine akaanza kumsifu. Aliegemea fimbo yake, akatoa kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini inayopanda na kushuka, yale maneno ambayo watu wake huwaambia ng'ombe wanaporudi jioni na viwele vimejaa. Alimsifu yule mama kwa mgongo wake na kwa hatua zake na kwa mtoto aliyemleta. Dieudonné aliiacha Zaburi katikati na kuitikia, kwa sababu hata mtu mwenye jile mbili hawezi kunyamaza anaposikia sifa hizo. Kiboko alisimama, sikio lake bovu likitikisika. Kisha akaondoka mkondoni kwa wakati wake, akapita kandokando ya matete, mtoto mgongoni, mpaka akajiunga na wenzake upande wa pili.

Mama Célestine alilipitisha jicho tena juu ya bwawa, mara moja tu.

"Sasa beko bote," akasema. "Unaweza kupita."

Michée akavuta kamba, moteri ikakubali mara ya kwanza, wakapita.

Njiani kurudi waliongea wote kwa pamoja. Dieudonné alisimulia jinsi alivyokuwa hana woga wowote. Eliane alimfundisha shangazi yake kushika upondo, na shangazi akaushika vizuri, maana kwake ulikuwa fimbo ndefu tu. Juu ya ndoa Mama Célestine hakusema hata neno. Michée alisubiri, mji ukakaribia, na hakusema. Mtumbwi ukagusa mchanga, Michée akamsaidia kushuka, naye Mama Célestine akamshukuru kwa adabu kama unavyomshukuru dereva, na akaenda zake.

Félicité alikuwa amewatandikia mikeka juu kidogo ya ufuko, kivulini mwa ukuta wa nyumba ambayo ziwa liliila nusu lilipofurika. Alipika bugali, kuku, maharage na sombe ya majani ya muhogo, na samaki hakuonekana popote. Wageni wakaketi, majirani wawili watatu wakajiunga, mikono ikanawishwa. Michée hakwenda. Mchumba hali mbele ya wakwe kabla hajakubaliwa, hilo hata watu wa ziwa wanalijua, na zaidi ya hayo hakuwa na hamu ya kula. Alibaki mtumbwini, amewapa mgongo, akichota maji kwa bidoni ya plastiki iliyokatwa na kuyamwaga nje. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kukauka. Aliendelea kuchota.

Alisikia vifuniko vya sufuria vikifunguliwa. Alisikia Dieudonné akiomba baraka ya chakula, fupi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha alipaswa kusikia watu wakila, na hakusikia. Akageuka.

Mama Célestine hakuwa amegusa chakula. Alikuwa amekaa wima, fimbo pembeni, akilipitisha jicho lake juu ya mkeka, kutoka kushoto kwenda kulia, uso baada ya uso, polepole, midomo imefungwa. Alimpita Félicité, akampita Eliane, akawapita majirani, akampita mdogo wake. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Moja yetu hayuko," akasema.

Dieudonné alishangaa, akanyoosha kidole ahakikishe, akaiona sura ya dada yake, na kile kidole akakiingiza haraka mfukoni mwa koti.

"Ni nani hayuko?" akauliza.

"Ule wa mutumbwi," akasema Mama Célestine, na akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na ukuta. "Mumuite, chakula inapoa."

Eliane alikuwa amekwisha kusimama na alikuwa anakuja mbio mchangani, kiatu kimoja mguuni. Michée aliiweka ile bidoni chini, akainawa mikono yake ziwani, akainawa mara ya pili, na kwenda kukaa mahali pake.